Sultani Apiga Hodi

Hapo zamani, katika mji ambao kila nyumba ilikuwa mali ya Sultani, alifika mgeni fukara jina lake Kibwana Mashombo, mshona magodoro kutoka nchi ya mbali. Akawa analala barazani pa watu, na kila alipouliza chumba, msimamizi wa nyumba aliisikia lafudhi yake tu, kodi ikapanda papo hapo. Naye hakuwa na muda wa kupoteza, kwani mkewe Mwanaisha, mjamzito wa miezi saba, alikuwa njiani na msafara. Kibwana akaapa kwamba mtoto wake hatazaliwa barazani.

Basi akaenda kwa Sultani kuomba nyumba. Sultani huyo alikuwa na mchezo wake mbaya: humpa mgeni gofu la nyumba, mgeni akaliezeka na kulipaka chokaa, na chokaa haijakauka vizuri hufukuzwa, nyumba akapewa mmoja wa binamu za Sultani. Kibwana aliyajua hayo, maana waliofukuzwa ndio aliokuwa akilala nao barazani.

"Ewe Maulana," akasema alipotajiwa gofu lake, "nitakaa humo hadi lini?"

Sultani akawakonyeza mawaziri wake. "Hadi siku nitakayoingia humo mimi mwenyewe nikakwambia toka. Siku hiyo utatoka, hata kama wali uko mekoni."

"Nimeridhika. Na mimi mgeni, nifuate desturi za kwetu au za kwenu?"

"Za kwetu, tena zote! Ukivunja moja, utalala nje siku hiyo hiyo."

"Na iandikwe hivyo, Maulana."

Kadhi akaandika, Sultani akapiga muhuri huku amejikaza asicheke.

Ikawa Kibwana akaezeka, akaziba nyufa, akapaka chokaa. Mwanaisha akafika salama, akajifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya mpiga mbiu. Hata siku ya arobaini, Sultani akaja na kadhi wake, na binamu mmoja aliyekwisha kubebesha watu vitanda vyake.

"Hodi!"

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Sultani."

"Ah, Maulana! Hujambo? Watoto hawajambo? Na yule farasi aliyekuwa akikohoa?"

"Hajambo. Hodi!"

"Nakusikia, Maulana."

Sasa mji ule ulikuwa na sheria ya mababu, na hata sultani hakusamehewa: avukaye kizingiti cha mtu kabla ya kuambiwa karibu, huvuliwa kilemba akaketi sokoni kichwa wazi siku saba.

"Hodi mara ya tatu! Sema karibu, ewe mgeni!"

"Maulana, nikisema karibu nitakuwa nimejitoa mwenyewe, na hati inasema wa kunitoa ni wewe. Je, nivunje hati?"

"Basi naingia hivi hivi!"

"Nyumba ni yako, Maulana. Kilemba nacho ni chako."

Sultani akaurudisha mguu wake. Watu wakajaa njiani, jua likapanda. Kule ndani Mwanaisha haya zikamjaa. "Mume wangu, mtu mzima anaungua mlangoni petu! Mama akisikia, uso wangu nitauweka wapi?" Akafumbua kinywa aseme karibu. Kibwana akamnyanyulia mtoto mbele ya macho yake, naye Mwanaisha akakifumba. Lakini kulelewa ni kulelewa: akapitisha kahawa na kashata dirishani.

Sultani akanywa kikombe cha kwanza kwa hasira, cha pili kwa aibu, na alipofika cha tatu akaangua kicheko hadi kahawa ikamwagikia kanzu.

"Kadhi! Futa yale maneno. Andika kwamba nyumba hii ni ya mgeni huyu na wanawe, wala sina tena ruhusa ya kumwambia toka."

Kadhi akaandikia gotini, binamu akanuna, vitanda vikageuzwa njia. Hati ikapitishwa dirishani, Kibwana akaisoma mara mbili, ndipo akaufungua mlango wote. "Karibu, Maulana! Karibu ndani!"

Sultani akaingia, akajinyoosha juu ya godoro jipya, akala wali, akalala, akaamka, akauliza kama wali umebaki. Ilipofika alasiri ya siku ya pili, Mwanaisha akamnong'oneza mumewe: "Haya, sisi hatutoki tena. Huyu naye tutamtoaje?"