Ndege Mwekundu kwa Mwanga wa Taa

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hii huambiwa mtu anayeahirisha jambo mpaka kuahirisha kwenyewe kukamgeukia kuwa maumivu. Wengi hudhani inawahusu wavivu peke yao. Lakini binti wa Fundi Brashi hakuwa mvivu hata chembe, na bado yalimfika.

Binti huyo alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika kampuni ya rangi. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwenye skrini jinsi kitu kilichopakwa rangi kitakavyoonekana chini ya mianga mbalimbali. Mwenye hoteli aliyetaka kuta za rangi ya maziwa aliziona kwanza zikiwa kwenye jua la asubuhi, kisha chini ya wingu la mvua, kisha chini ya taa za umeme, hata kabla kopo moja halijafunguliwa. Wenzake walimbandika jina la Bi Taa, nalo likamkaa kama nguo ya kupimiwa. Walimjua pia kwa ukaidi wake: hakumwonyesha mtu kazi iliyokuwa bado na kasoro. "Kazi mbichi haiandaliwi mezani," alizoea kusema, na wateja walimpendea hilo.

Baba yake alikuwa amepaka rangi milango, vitanda na masanduku tangu ujana wake, mpaka ugonjwa wa presha ya macho ulipomnyang'anya brashi. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kuzima. La kushoto lilibaki na tundu dogo tu la kuonea, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo wa mlango. Daktari alikuwa amewaeleza wazi kwamba dawa ya matone ingechelewesha giza, isingelizuia.

Jumapili moja Bi Taa alipokwenda kumjulia hali, mzee alimpokea kwa swali.

"Mwanangu, hiyo mashine yako inaweza kuliwashia sanduku la mama yako taa ya mafuta?"

Bi Taa akacheka. "Inaweza, Baba. Hata jua la alfajiri nikitaka."

"Jua nimeliona la kutosha. Nataka taa ya mafuta." Mzee akalipapasa sanduku lililokuwa kando ya kitanda chake. Lilikuwa la mbao, la kijani, na ubavuni mwake palikuwa na ndege mwekundu mwenye mbawa zilizotiwa rangi ya dhahabu. Vanishi ilikuwa imegeuka manjano na ndege amefifia. "Jioni niliyompa mama yako sanduku hili, hatukuwa na umeme. Aliposogeza taa, ndege akawa kama anapiga mbawa. Mama yako akaruka nyuma, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Nataka nimwone vile tena, kabla macho hayajafunga duka."

Mama yake Bi Taa alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Hakuwa na kumbukumbu yake yoyote, si sura wala sauti. Sasa angeweza kuona kile mama yake alichokiona, tena akiwa ameketi bega kwa bega na baba yake. Akaahidi palepale.

Alianza kwa ari. Alileta kamera na taa ndogo, akalizunguka sanduku akilipiga picha huku akihamisha taa kila upande, ili kompyuta ijifunze mahali rangi inapong'aa na mahali inapofifia. Chini ya kifuniko, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, alipata wekundu wa asili ukiwa hai kama siku ulipopakwa. Baada ya majuma machache picha ya kwanza ilikuwa tayari.

Aliifungua jikoni, shangazi yake akichungulia begani. Shangazi ndiye aliyemtunza mzee, na ndiye aliyemlea Bi Taa. Mwali wa taa ulipochezacheza kwenye skrini, ndege akatikisika. Shangazi akashtuka kwa sauti, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Haya, mpelekee baba yako. Yuko barazani."

"Bado, Shangazi. Tazama dhahabu inavyong'aa. Imekuwa kama plastiki."

"Wewe ndiye unayeona plastiki, mama. Yeye atamwona mkewe."

Bi Taa akaifunga kompyuta. Sauti ya mzee ikaja kutoka barazani: "Tayari?"

"Bado kidogo, Baba!"

"Basi nangoja. Kwani nina kazi gani nyingine?"

Bado kidogo ikazaa bado kidogo nyingine. Dhahabu ilipotengemaa, mwali wa taa ukaonekana mweupe mno. Mwali ulipopata joto lake, kijani kikawa kama majani makavu. Kisha akaja mteja mkubwa mwenye magari ya kupakwa rangi, na sanduku likasukumwa pembeni. Kila alipokwenda nyumbani mzee aliuliza, naye alijibu vilevile. Mzee hakunung'unika. Alizidi tu kuketi karibu na dirisha.

Asubuhi moja, Bi Taa akiwa kazini, shangazi alipiga simu. "Njoo. Baba yako ameamka akaniuliza kwa nini sijafungua madirisha. Na madirisha yote yako wazi."

Hospitalini daktari alilimulika lile jicho, akaizima tochi yake taratibu. "Poleni sana," alisema. "Kilichopotea hapa hakirudi."

Bi Taa aliimaliza picha ile kwa kujikaza kisabuni. Haikuwa na kasoro hata moja aliyoweza kuiona. Akaipeleka chumbani kwa baba yake, akaketi karibu naye kitandani, akaiwasha. Mzee akageuza uso, lakini akaugeuzia upande usio na skrini.

"Mbawa zinapiga?" aliuliza.

"Zinapiga, Baba."

"Ule wekundu umekuwaje? Ndio wenyewe?"

Bi Taa akamtazama ndege kwenye skrini. Angejuaje? Walioliona sanduku jioni ile walikuwa wawili: mama yake, naye yu kaburini, na huyu hapa aliyekuwa akitazama ukuta.

"Sijui, Baba," alisema mwishowe. "Wewe peke yako ndiye ungeniambia."

Mzee akalipapasa sanduku kando ya kitanda. "Mara ile ulipokuwa jikoni na shangazi yako," alisema polepole, "nilimsikia akishtuka. Nikajua ameona kitu. Nilitaka kuinuka nije, nikasema nisimharakishe mtoto."

Bi Taa akaangua kilio. Baba yake akamtafuta kwa mkono, akamkosa, akamtafuta tena mpaka akampata begani, akambembeleza kama alivyombembeleza alipokuwa mchanga. Skrini ilibaki ikiwaka mapajani mwa binti, na ndege akawa anapiga mbawa bila mtu wa kumtazama. Picha ambayo binti aliiona mbovu ingemtosha mzee yule siku ile. Nzuri ilipokuja, ilikuta mlango umefungwa. Kweli, ngoja ngoja huumiza matumbo.