Njia Iliyotunzwa Kimya

Wapendwa, leo msiniitikie amina mpaka nimalize. Nimekuja na hasira, na sitaki mnipoze.

Kulikuwa na kijiji kimoja huko milimani, kimepakana na hifadhi ya msitu. Ndani ya msitu ule ilipita barabara ya zamani ya kutolea magogo, imeshaota majani. Siku moja wanakijiji wakaambiwa: isafisheni barabara hii, ifungeni kwa magari, na watakuja wageni wanaopenda kuendesha baiskeli mahali palipotulia. Watalala kwenu, watakula ndizi zenu, watanunua asali yenu. Ni wazo zuri. Hata mimi ningelipigia makofi.

Wakaitisha msaragambo. Ninyi mnaujua, sina haja ya kuwafundisha: kila Alhamisi, kila nyumba itoe mtu, jembe begani, na asiyefika atozwe kuku. Wanaume walipasua mawe, wanawake wakayabeba kichwani kwenda kujaza mashimo. Miezi minne! Ikatoka njia safi, kilomita tisa mpaka upande wa pili wa msitu. Unaendesha chini ya miti bila kupishana na lori wala pikipiki, unasikia ndege na mnyororo wa baiskeli yako tu.

Halafu wakakaa mkutano wa masharti. Magari, hapana. Pikipiki, hapana. Mizigo, hapana. Hilo la mizigo lilikuwa na sababu nzuri, maana kulikuwa na watu wakitoa mkaa na mbao msituni kwa baiskeli, na msitu ulikuwa unakwisha. Mwenyekiti akauliza, wanaokubali? Mikono yote ikainuka. Wakatundika ubao, wakaweka kizuizi cha mti, wakamwajiri mlinzi. Alikuwa mwenyeji wao, mtu mpole, sare yake imenyooka kwa pasi.

Asubuhi moja, siku ya gulio, mwanamke wa kijiji kile alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nyoka akamuuma juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mumewe alisikia ukelele akaja mbio. Pikipiki zote za kijiji zilikuwa zimeshukia gulioni. Gari la wagonjwa? Jamani, mnajua wenyewe gari la wagonjwa huwa linafika lini.

Kituo cha afya chenye dawa ya nyoka kilikuwa upande wa pili wa msitu. Kwa ile njia ya baiskeli ni nusu saa, tambarare tupu. Kwa barabara kuu inayozunguka mlima ni kilomita thelathini za vumbi, malori ya kokoto, na kupanda kwa kusukuma. Ninyi mngepita wapi? Na yeye aliona hivyo hivyo. Akampandisha mkewe kwenye keria, mkewe akamshika kiuno, akakanyaga pedeli mpaka kizuizini.

“Pole sana, shemeji,” mlinzi akasema alipouona mguu. Alisema kwa huruma ya kweli kabisa. Akaingia kibandani akawaletea maji kwenye kikombe. Kizuizi hakukigusa.

“Fungua, ndugu yangu,” mume akasema. “Ameumwa na nyoka.”

“Naona, kaka. Lakini hii njia ni ya waendesha baiskeli.”

“Na mimi naendesha nini?”

“Wewe umebeba. Keria ikiwa na kitu, huo ni mzigo. Ndivyo tulivyokubaliana.”

“Mke wangu ni mzigo?”

“Mimi sijasema hivyo, kaka. Ubao ndio unaosema.”

Mnacheka? Msicheke. Mwanamke mwenyewe hakucheka. Alisema, meno ameyauma kwa maumivu: “Basi nishusheni nitembee.”

Mlinzi akatikisa kichwa. Watembea kwa miguu ni Jumamosi tu. “Wageni wanafuata utulivu, shemeji. Mtu akipita humo ndani analia, njia yetu itaharibika jina.”

“Haya mawe unayoyakanyaga niliyabeba mimi,” mwanamke akasema. “Kwa kichwa hiki.”

“Najua,” mlinzi akajibu. “Na tunakushukuru sana.”

Mnaisikia shukrani hiyo? Afadhali angemtukana! Mtu akikutukana unajua umesimama wapi. Lakini huyu anakupa pole, anakupa maji, anakupa na asante juu, na wewe sumu inapanda mguuni.

Mlinzi akapiga simu kwa mwenyekiti, maana alikuwa mtu wa utaratibu. Mwenyekiti akasikitika sana huko gulioni alikokuwa. Akasema, “Tukimfungulia mmoja leo, kesho watakuja wenye mkaa na mgonjwa wa uongo. Mwambie azunguke, na mpe pole zangu.” Pole nyingine hiyo. Kama pole zingekuwa dawa ya nyoka, yule mama angepona palepale.

Mtaniuliza, mbona mume hakukinyanyua kile kizuizi akapita zake? Si ni mti tu? Nami nimejiuliza. Nadhani aliona haya. Siku ya mkutano mkono wake ulikuwa mmoja wa ile iliyoinuka, na mlinzi alikuwa anamtazama usoni kama mtu anayelijua hilo. Akageuza baiskeli.

Sasa nijibuni. Siku ile wageni walikuwa wangapi katika njia ile? Ishirini? Kumi? Hapakuwa na mgeni hata mmoja! Tangu asubuhi mpaka jioni hakupita mtu. Ule utulivu aliokuwa anaulinda kwa bidii namna ile alikuwa anamlindia nani? Nyani?

Naona mnasubiri niwaambie kama alipona. Huu mfano ni wangu, nimeutunga mwenyewe. Naweza kumponya sasa hivi, tukaimba, tukaenda zetu kula. Simponyi. Alifika alasiri, roho wakaiokoa, mguu wakaukata. Na juma lililofuata mlinzi alikwenda kumwona na mkungu wa ndizi. Mtu mpole yule, nimeshawaambia.

Mmekasirika. Nawaona. Mama wa safu ya pili amesonya mpaka nimesikia huku juu. Vizuri, kasirikeni, na hiyo hasira ishikeni hivyo hivyo ikiwa ya moto, kwa sababu sasa nataka kuwaonyesha mahali pa kuiweka.

Jumapili iliyopita, ndani ya nyumba hii, Mama Nakiete alikuja na binti yake. Nakiete ana miaka tisa na hawezi kusema. Akifurahi hupaza sauti, na kwaya ilipoanza alifurahi. Mzee Eliamini akamwendea polepole, akainama, akamwambia, “Pole mama, mtoto anasumbua ibada, kaa naye nje kidogo.” Akamtolea hata kiti. Wakatoka. Kukawa shwari.

Mzee Eliamini, usiinamishe kichwa peke yako. Nani alikutuma? Nilikutuma mimi! Nilikuwa nimesimama hapa hapa, nikakutazama, nikakuonyesha mlango kwa macho. Na kimya kiliporudi nilishukuru moyoni, nikaendelea kusoma. Nanyi wengine, hakuna aliyeinuka. Mlangoni watu watatu walinishika mkono wakaniambia, “Mchungaji, leo ibada ilikuwa na utulivu kweli.” Nami nikaitikia, “Tumshukuru Mungu.” Mungu wa wapi, wapendwa? Nilimshukuru kwa kumtoa mtoto nyumbani kwake.

Sisi si watu wakatili. Ingekuwa afadhali, maana mkatili siku moja huona aibu. Sisi tuna pole, tuna viti vya nje, tuna utaratibu tulioupigia kura kwa nia njema kabisa. Tulitaka ibada iwe na heshima ili watu wamsikie Bwana. Sasa heshima tunaitunza, na watu tunawatoa ili isichafuke. Ukimya wa kuombea ni kitu kizuri. Lakini ukimya unaopatikana kwa kumtoa mtoto nje, huo nauogopa. Mimi niliyeutaka nauogopa kuliko ninyi.

Alhamisi nilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Akanikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mchungaji, nimekusamehe. Jumapili tutakuja. Ila kwanza niambieni, mimi na mwanangu tukae wapi?”

Nilikunywa ile chai mpaka ikaisha, wapendwa. Niliyapitia mabenchi haya yote kichwani, moja baada ya moja. Hili la familia fulani, lile la wazee, hili lina mito ya watu, lile ni karibu mno na kipaza sauti. Kanisa zima, na sikupata upana wa watu wawili.

Amekuja. Yuko hapo nje, chini ya dirisha hili la kushoto. Ile sauti mliyoisikia tangu nilipoanza, wengine mkageuza shingo kwa kukereka, ni ya Nakiete. Mama yake amekataa kuingia mpaka apate jibu la swali lake, na hilo jibu mimi peke yangu siwezi kulitoa.

Sina neno lingine la kuhubiri leo. Nani anasogea?