Mama Aliyetabasamu kwa Daktari

Kulikuwa na mama mmoja, dobi, mwenye kibanda cha kupiga pasi nyuma ya soko. Jumamosi moja alikwenda kudeki kanisa kwa ajili ya ibada ya shukrani. Sakafu ilikuwa na sabuni bado. Akateleza, akatanguliza kiganja, uzito wake wote ukaushukia mkono wa kulia, na nyuma ya mkono ule kitu kikaachia kama kamba inayokatika. Wenzake wakamwinua. "Pole, dada, jikaze," wakamwambia. Akajikaza, akamalizia kudeki. Nyumbani akaukanda kwa maji ya moto.

Kesho yake, wakati wa sifa. Mnaijua desturi yetu: mikono juu, imenyooka. Mkono wake wa kushoto ukapanda mpaka mwisho. Wa kulia ukapanda, lakini kuanzia kwenye kiwiko ukaanguka, kiganja kikamlalia kisogoni kama mtu anayejikuna. Akajaribu tena. Ukaanguka tena.

Kiongozi wa sifa akanyamazisha kinanda.

"Kuna mtu humu hajajiachia kwa Bwana. Mama, nyoosha mkono."

"Unakataa, mtumishi."

"Mkono haujui kukataa. Moyo ndio unaokataa."

Watu wakasema amina. Niambieni, amina ile ilikuwa ya nini? Na wale waliomwinua jana yake, walikuwa wamekaa benchi gani?

Wakamzunguka. Mmoja akaushika mkono na kuunyoosha kwa nguvu, mwingine akakemea pepo wa kiburi. Ukiachiwa, unaanguka. Akaambiwa afunge, akafunga. Akaambiwa atubu kwa aliowakosea. Akawaomba radhi mawifi zake, wapangaji wenzake, hata muuza maji ambaye ndiye aliyemtukana yeye. Kibandani, kuivuta pasi aliweza. Kuisukuma ikamshinda, mashati yakaungua, wateja wakahama. Naye kila alipopiga magoti alijiuliza swali lile lile: nimemfanyia Mungu nini kikubwa hivyo, hata sikikumbuki?

Miezi ikapita. Binti yake akachoka na maombi, akamburuta hospitali.

Daktari akamwambia, "Mama, inua mkono juu, halafu unyooshe kiwiko." Ukaanguka. Ni jaribio lile lile, wapendwa. Kila Jumapili tulikuwa tunampima bila kujua tunachokipima.

Ila daktari hakukemea. Alipapasa nyuma ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, na kidole chake kikazama mahali ambapo kano ilipaswa kuwepo.

"Uliwahi kuanguka?"

"Kanisani, nikideki."

"Hapa nyuma pana msuli wenye vichwa vitatu, mama. Kimoja kinatoka kwenye bega, viwili kwenye mfupa wa mkono, vyote vinaungana kwenye kano moja iliyoshika ncha ya kiwiko. Huo ndio unaonyoosha mkono, ndio unaosukuma. Kano yako ilikatika siku ile. Ungekuja mapema, tungeishona vizuri. Sasa msuli umejivuta juu na kusinyaa. Upasuaji utakuwa mgumu, na nguvu zote huenda zisirudi."

Binti akashika kichwa. Lakini mama yake akatabasamu.

"Kwa hiyo ni msuli?"

"Ni msuli, mama."

"Siyo dhambi?"

Daktari akamtazama binti. Binti akainama.

"Asante Yesu," mama akasema. "Nilidhani amenikataa."

Mmemsikia? Anaambiwa mkono wake huenda usipone, naye anashukuru. Ni mzigo gani huo tuliomtwika, hata habari ya ulemavu ikawa kwake ndiyo habari njema? Msiniambie tulikuwa na nia njema. Nia njema ilikuwa na macho, ilimwona akianguka. Sisi, watu wa kanisa lile na la hapa, tuna mdomo mwepesi wa kumwombea mtu na mzito wa kumuuliza unaumwa wapi. Tunasoma mwili wa jirani kama hukumu ya mahakama, na sisi wenyewe ndio mashahidi tulionyamaza.

Leo kabla hujaenda kwenu, kuna mtu humu ambaye umeshamhukumu. Mfuate. Usimwekee mikono. Mwulize kilichompata, kisha unyamaze mpaka amalize.