Torazo Atolewa Picha

Huko Edo, Ujapani, Torazo, mwigizaji wa kabuki, michezo ya jukwaani ya huko, aliyejaa majivuno, aliingia kwa kishindo kwa Osen, mchonga vibao vya kuchapia picha za waigizaji.

“Chonga sura yangu. Nisipotoka mzuri, navichoma vibao vyako vyote!”

Osen akainama. “Pua niipunguze, bwana?”

“Ipunguze!”

“Macho niyakuze?”

“Yakuze! Na kidevu ukichongoe.”

“Jina je, nilitie?”

“Jina ni la vibonde! Mimi nani asiyenijua?”

Picha zikachapwa chungu nzima. Torazo akazigawa mwenyewe mlangoni pa ukumbi wake, kifua mbele. Watu wakazitazama, wakashangilia, wakamiminika ukumbi wa jirani kwa hasimu wake, Rikizo.

Torazo akarudi anatweta. “Umemchonga Rikizo!”

“Mimi nilianza na wewe, bwana,” Osen akasema. “Rikizo umemwagiza mwenyewe.”