Wino wa Kwapani

"Wino wa kwapani huliwa na jasho." Ndivyo Bibi Nunu alivyomwambia mjukuu wake Tatu, alipomwona anaificha hadithi aliyoiandika. Wasichana wenzake wakacheka, wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi.

"Chekeni tu," akasema Bibi. "Methali hii ilianza hivi."

Zamani, wanawake wa mtaa wa Mkokoni walikuwa wakikutana kila alasiri ukumbini kwa Bi Mize, kusuka ukili wa mikeka. Mikono ikisuka, vinywa navyo vinatunga. Mwenye ubeti huutupa katikati, wenzake wakaudaka, wakauimba pamoja mpaka ukae sawa. Ukichechemea, Bi Mize hukohoa. Kikohozi kimoja tu, lakini wallahi kilikuwa kikali kuliko kofi!

Somoe alikuwa binti mwenye kipaji, na mwepesi wa kununa vilevile. Alikuwa akitunga utenzi wa kumsifu marehemu mama yake, na mwanzo wake wote aliutupa pale ukumbini, ukadakwa. Siku moja Bi Mize akakohoa, mashoga wakaangua kicheko. Somoe akavimba.

"Mwanangu," Bi Mize akamwambia, "ubeti mbovu mimi huuacha ukapita zake. Mimi nakohoa panaponiuma, nikiona kizuri kinachechemea."

Wapi! Somoe hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Tangu siku hiyo akawa anaandika peke yake, kwa wino wa masizi, karatasi akaikunja na kuibana kwapani ndani ya buibui. Akisuka, iko kwapani. Akila, iko kwapani. Hakumsomea mtu hata neno.

Basi ikafika siku ya mitaa kushindana kwa mashairi. Miaka yote Mkokoni ilimtoa mwanamume. Safari hii Bi Mize aliwang'ang'ania wazee mpaka wakakubali, shingo upande: malenga awe Somoe, ila akiaibika, wanawake wasiombe tena.

Jua lilikuwa kali. Somoe akasimama mbele ya halaiki, akaitoa karatasi yake. Lo! Imelowa chapachapa, wino umekuwa uji mweusi. Akatafuta kichwani, hofu ilikuwa imefagia kila kitu, hata ule mwanzo. Wanaume wakaanza kunong'onezana, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Si tulisema?" Somoe alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hapo akasikia kikohozi. Kile kile. Kisha sauti ya Bi Mize ikapanda:

*Mama kanipa kalamu,*
*kanambia nihitimu,*
*nisiogope kaumu,*
*kweli nikiwaambia.*

Wanawake wote wa Mkokoni wakaudaka, vidole vyao vikienda kana kwamba vinasuka. Beti zikamrudia Somoe moja moja, na sauti yake ikapata nguvu. Wakaimba mpaka wakafika pale alipoanza kuficha. Kimya. Hakuna aliyejua kinachofuata, wala yeye mwenyewe.

"Tupa, mwanangu," akasema Bi Mize. "Tutadaka."

Somoe akatunga palepale, akatupa. Wakadaka, na walipokuwa wakiimba, yeye akapata pumzi ya kutafuta ubeti mwingine. Akatupa tena, wakadaka tena, hata utenzi ukafika mwisho. Vigelegele hivyo! Yule mzee wa "si tulisema" alivua kofia akaipunga. Mkokoni ikashinda, na tangu hapo hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyehitaji tena kuombewa ruhusa ya kusimama pale.

Jioni Somoe aliikunjua karatasi yake akalia. Zile beti alizozificha hazikurudi tena.

"Zilikuwa nzuri, Bi Mize."

"Naamini. Lau ungetutupia, tungekuwa nazo."

Somoe akajifuta machozi. "Wino wa kwapani huliwa na jasho," akasema, na wanawake wakaubeba msemo huo hadi leo.

Bibi Nunu akanyoosha shingo. "Na huyo Somoe ndiye aliyemzaa mama yangu. Damu yako hiyo, Tatu, usiione ndogo!"

Tatu akaitoa hadithi yake, akainyoosha karatasi juu ya goti.

"Bibi, utakohoa?"

"Nitakohoa sana."

"Haya, kohoa," akasema Tatu. "Wino wa kwapani huliwa na jasho." Akaanza kusoma.