Fuko Aliyeachwa Nje ya Ushuhuda

Mama zangu, kabla sijaanza, kila mmoja aweke mkono kifuani na aape moyoni kwamba neno hili halivuki mlango ule. Nami niliapishwa hivyo hivyo na aliyenihadithia, na yeye aliapishwa na mwingine. Nimelitunza tangu Jumatano mpaka tumbo limeanza kunivimba. Kuwaambia ninyi arobaini si kuivunja siri, ni kuitafutia nyumba kubwa zaidi. Ila mchungaji asijue. Mchungaji hasa.

Haya. Kule milimani, wanakolima tangawizi, kulikuwa na mama mmoja. Jina lake nimeapa sitalitaja, kwa hiyo tumwite Namsifu. Mume wake alikuwa fundi wa kuezeka, na hapakuwa na paa kijijini ambalo halikupita mikononi mwake. Upepo ulipong'oa bati za kanisa, nani alipanda juu? Yeye. Akaezeka upande wa wanaume, akaumaliza. Akaingia upande wa wanawake, akafika nusu, ubao ukamtoka chini ya mguu. Akaanguka na nyundo yake mkononi, nyonga ikavunjika. Miezi minane ikapita, upande wa wanawake umefunikwa turubai, na fundi yuko nyumbani na fimbo, haendi kanisani, haendi shambani, anakaa mlangoni anahesabu mawingu.

Namsifu hakumsema. Kila Jumamosi alipiga pasi shati jeupe la mumewe, akalitundika kwenye mlango. Kila Jumapili akirudi kanisani alilikuta shati pale pale. Mama zangu, shati tupu mlangoni linaweza kumliza mtu kuliko msiba.

Siku moja akajikaza, akaanza kumwambia fundi habari za rehema, jinsi mama wa kwaya alivyopona mgongo, jinsi Musa alivyovuka na watu wake. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita kwa jina la mtoto wao, kwa sauti ya chini:

"Mama Mbonea, usinisimulie ya Musa, wala ya mama wa kwaya. Mimi nilichokiona nimekiona. Nilikuwa juu nampigilia Yeye bati, nikaanguka. Huo ndio ushuhuda wangu. Wewe, kwa macho yako mawili, umeona nini?"

Namsifu akajipekua moyoni. Miaka ishirini ya kanisa, vitenge vitatu vya umoja wa wanawake, na hakuna hata neno moja la kumpa mwanamume huyu. Akainuka kwenda jikoni kama mtu aliyesikia maharage yanaungua, na maharage yalikuwa bado hayajabandikwa.

Nawauliza, na msitazamane: leo tukiulizwa hivyo majumbani mwetu, sisi tutajibu nini? Au nasi tutakimbilia maharage?

Sasa Namsifu alikuwa na jirani, mjane. Huyu tumwite Nietiwe. Mashamba yao yamepakana huko bondeni. Mnajua kule wana ndiva, bwawa la mawe walilojenga mababu. Maji yanakusanywa humo, asubuhi yanafunguliwa, yanashuka kwa mfereji, na kila shamba lina zamu yake. Zamu ikikupita, umepitwa. Utangoja siku tisa.

Basi zamu ya Nietiwe ilimkuta kitandani ana homa, ikampita. Alipopata nguvu ya kushuka bondeni alikuta tangawizi imekunja majani kama mikono ya mtu anayesikia baridi. Na tangawizi ile ndiyo ilikuwa chakula chake cha mwaka mzima. Alipiga goti kati ya matuta na hakupata la kuomba. Akakaa hivyo tu mpaka miguu ikafa ganzi, akarudi nyumbani. Kesho yake, siku ya Alhamisi, akashuka tena, akakuta matuta matatu yamelowa. Si shamba zima, matuta matatu. Akafuata unyevu kupanda juu, na kwenye ukingo wa mfereji akakuta tundu la fuko, yule mchimbaji wa chini kwa chini anayekula viazi vyetu. Maji yalikuwa yanapita humo kimya kimya. Nietiwe akalitazama tundu lile, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Kisha akaliziba kwa jiwe na tope, maana maji yale yalikuwa ya zamu ya mtu mwingine.

Habari hii alimwambia Namsifu peke yake, wakiosha tangawizi, na alimwapisha kwanza. Kule milimani mtu akisikia maji ya zamu yake yameonekana kwa jirani, hasikilizi habari za fuko. Namsifu akaapa. Halafu akamuuliza kama kweli anaamini ni Mungu, au ni mnyama tu na kucha zake.

"Tundu nimeliona, sisemi halikuwapo," Nietiwe akamwambia. "Lakini nilipopiga goti nilikuwa peke yangu, dada, na nilipoinuka sikuwa peke yangu. Hilo ndilo ninalolijua. Maji yalikuja kesho yake. Hata yasingekuja, lile la jana yake lingebaki vile vile."

Namsifu hakulala vizuri. Si kwa wivu, nisimsingizie. Alikuwa anaona shati mlangoni, na anaona neno lile zuri limewekwa kwa mjane asiye na mtu wa kumwambia, wakati yeye mwenye mtu hana neno. Akajiambia Mungu ni mmoja, mashamba yamepakana, mfereji ni ule ule. Nani atapungukiwa?

Jumamosi, akitundika shati, akamwambia mumewe kwamba kuna jambo limemtokea shambani. Akasimulia. Na ninyi mnanijua, mimi umbea nimeuzoea tangu nikiwa na meno yote: habari ikihama kinywa hunenepa njiani. Homa ya Nietiwe haikutajwa. Matuta matatu yakawa shamba zima. Ikaongezwa sauti iliyomwita kwa jina. Na fuko, maskini, hakupewa hata sentensi moja, kwa sababu Namsifu alimwona ni mnyama wa kushusha hadhi ya ushuhuda.

Fundi akaacha kuhesabu mawingu. Akauliza kama ni shamba lile lile la bondeni. Akaambiwa ndilo. Akasema nyumbani mtu husema lolote, lakini mbele za watu ulimi huogopa. Basi mkewe akayasimulie hayo kanisani, naye atakwenda kusikia. Kisha akanyoosha mkono, akalitungua shati.

Hapo Namsifu angeweza kurudi nyuma, mama zangu. Lakini ungemwona mumewe anavyofunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, wewe ungerudi?

Jumapili fundi akaingia kanisani na fimbo yake, akaketi benchi la mwisho, na watu wakageuka mpaka mwinjilisti akapotea kwenye tangazo. Wakati wa shuhuda Namsifu akasimama chini ya turubai. Nyuma yake, benchi la pili, alikuwa Nietiwe. Namsifu hakugeuka, lakini mgongo wake ulijua. Akaanza taratibu, kisha maneno yakamchukua. Watu wakaitikia, akapanda juu zaidi. Alipofika kileleni akasema neno ambalo hakulipanga, likamtoka tu kama kikohozi:

"Na mpaka leo hii, ndugu zangu, ardhi ile haijakauka. Ukikanyaga, unazama."

Kanisa likalipuka kwa wimbo. Nietiwe alifanya nini? Alivuta kanga yake kichwani ikamfunika uso, kama watu wanavyofanya wakisikia jina la marehemu wao likitajwa na mgeni.

Wimbo ulipokwisha, fundi akasimama. Watu wakashusha vitabu vya nyimbo, maana mtu huyu hakuwa amesimama humo tangu siku alipobebwa kutolewa. Akasema anataka kwenda kuona. Akasema akikanyaga ardhi ile na mguu wake huu mbovu ukazama, atapanda tena juu, atamaliza upande wa wanawake, na hataki hata shukrani. Mwinjilisti akasema basi twendeni sote, tukafanye sala ya mwisho huko huko. Watu wakatoka na vitabu vyao vya nyimbo mikononi.

Namsifu akasema anatangulia kusafisha njia, watu wasichafue nguo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa fupi kweli, ilikatiza kwenye migomba ya watu. Nyumbani alichukua ndoo, akashuka mbio bondeni, akachota mferejini, akamwaga, akachota tena. Jua la kiangazi lilikuwa linainywa ile ndoo kabla haijagusa chini. Kutoka mlimani alisikia wimbo unashuka polepole, kwa sababu wote walikuwa wanamngoja mtu mwenye fimbo.

Ngojeni nisimame hapo kidogo, maana mwisho mmeshauona, na nikiusema sitaweza kuwaambia ninalotaka kuwaambia.

Watu wasomi wanabishana kama yaliyompata mtu moyoni mwake yanaweza kuwa ushahidi wa Mungu. Mimi darasa la nne niliishia mlangoni, siwezi kubishana nao. Ninachojua ni kwamba aliyeanguka ameanguka, na yule ambaye hakuwa peke yake hakuwa peke yake. Huwezi kumwambia fundi hukuanguka. Huwezi kumwambia Nietiwe ulikuwa peke yako. Kila mmoja alikuwapo pale yalipomfika. Wewe uliyesikia kwa jirani hukuwapo, na ushuhuda si sufuria la msiba, useme umeliazima na utalirudisha Jumatatu.

Kwani angesema, "Baba Mbonea, mimi sijaona kitu, ila jirani yangu kaona, na ninamjua si mwongo," angepungukiwa nini? Angemwacha fuko akae mahali pake, fundi angemwelewa. Mtu aliyeishi kwa misumari na vipimo angemwamini mjane aliyeona tundu akalisema, kuliko sauti itokayo mbinguni. Sisi ndio tunaomwonea Mungu aibu. Tunaona akija kwa mlango wa fuko atachekwa, basi tunamchongea mlango mkubwa kwa uongo wetu.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Miezi minane Namsifu alimwinua mwanamume yule kitandani, akamwogesha, akampigia pasi shati asilolivaa, na wala hakukata tamaa. Nguvu hiyo ilitoka wapi? Hakuwahi kujiuliza. Ushuhuda wake mwenyewe ulikuwa umetundikwa mlangoni kila Jumamosi, na yeye akaenda kuiba wa mjane. Sisi je? Wangapi humu tumekaa juu ya cha kwetu kidogo, cha kweli, tunachungulia cha jirani? Na wangapi tumeshamfunga mdomo Nietiwe wetu? Maana yule mama mpaka leo hasemi tena lile lililompata. Akianza tu, kuna mtu anauliza ndoo ilikuwa wapi.

Haya, namalizia.

Wimbo ulipofika ukingoni mwa shamba ulikatika vipande vipande, sauti moja moja, mpaka ikabaki ya mzee mmoja kiziwi aliyeendelea peke yake. Namsifu alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa ameinama, kitenge cha umoja kimelowa mpaka magotini, anamimina. Alipogeuka, kanisa lote lilikuwa limesimama kwenye kingo. Matuta matatu yalikuwa yamelowa. Yaliyobaki yalikuwa vumbi.

Njia ilikuwa nyembamba. Watu wakajibanza pembeni mmoja mmoja, ili yule aliyekuja kuona apite. Fundi akaja na fimbo yake, shati jeupe limeshika jasho. Akasogea mpaka kwenye tuta la kwanza. Hakukanyaga. Akaitazama ndoo, akautazama mkono ulioishika, akamtazama mkewe usoni, bila hasira, kama mtu anayemtafuta mtu wa zamani.

"Mama Mbonea," akasema, "mimi nilianguka kweli."

Akageuka kuanza kupanda kilima, na Namsifu akabaki pale mbele ya watu wote, ndoo mkononi, inachuruzika.