Mwendo wa Kuazima

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, na mwenye mtoto ampakate.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakisikilizana, alikuwapo mama mmoja kijana, jina lake Mashavu. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, basi akitembea alisikika: ka-tii, ka-tii, ka-tii. Kila alasiri alikwenda kisimani, mtungi kichwani, mwanawe mchanga Makame mgongoni, na binti yake Riziki pembeni, ameshika upindo wa kanga yake.

Wenzake walimtangulia daima. Alipofika, jirani yake Mize alikuwa ameshajitwika mtungi.

"Ala, Mashavu, ndiyo unafika? Wenzako tulishaanza kurudi."

Wanawake wakacheka. Mashavu akacheka nao, lakini njiani akalia kidogo.

Siku moja akamkuta Swala amelemewa na kiu, mtoto wake amelala majanini. Mashavu akatua mtungi, akamnywesha.

"Mama mwenzangu," akasema Swala, "nikupe nini?"

"Niazime mwendo wako."

"Chukua, nami nibaki na wako. Ila jua la siku ya tatu likizama hujaurudisha, hatubadilishani tena."

Siku ya kwanza Mashavu akaenda mbio, akawa wa kwanza kisimani. Makame akalia njia nzima. Siku ya pili akaenda mbio, akawa wa kwanza. Makame akalia njia nzima. Siku ya tatu akaenda mbio, mtungi ukajaa kina Mize hawajatokea.

"Leo umetuweza," Mize akasema.

Mashavu akageuka amwambie Riziki. Riziki hayupo.

Akauacha mtungi, akarudi mbio. Mtoto alikuwa amekaa katikati ya njia, ameshika furu tatu nyeusi.

"Mbona hukunifuata, mwanangu?"

"Nilikufuata, mama. Nikauona mgongo wako. Halafu sikuuona tena." Akamnyooshea matunda. "Nimekuchumia. Zamani tulikuwa tunachuma tukipita. Siku hizi tunapita tu."

Mashavu akautazama ule mfuru. Siku tatu ameupita, na siku tatu hakuuona. Mgongoni Makame bado analia, na jua limeshainama. Akambeba Riziki kifuani, akakimbia kama hajawahi kukimbia.

Swala alikuwa amejilaza na mtoto wake.

"Mwendo wako huu hapa," akasema Mashavu. "Nirudishie wangu."

"Kesho watakucheka."

"Wacheke. Ule ni wangu, na wanangu wameuzoea. Nipe, jua linazama."

"Chukua, mama mwenzangu. Mimi siku hizi tatu sikuweza kukimbia, nikakaa nikimtazama mwanangu. Kumbe sikio lake moja lina doa jeupe."

Wakabadilishana, na jua likazama. Mashavu akashika njia ya nyumbani. Ka-tii, Makame akanyamaza. Ka-tii, akapiga miayo. Ka-tii, akalala fofofo.

Kesho yake walifika kisimani wa mwisho, midomo yao myeusi kwa furu.

"Ndiyo unafika?" akauliza Mize.

"Ndiyo nafika," akajibu Mashavu, akamtazama usoni. "Karibuni furu."

Mtoto wa Mize akala moja, akala ya pili, akala ya tatu. Mama yake alipomwita waondoke, akakataa. "Mimi narudi na mama Riziki."

Mize akasimama na mtungi wake kichwani. Akamtazama mwanawe, akamtazama Mashavu. Kisha akautua, akamtekea Mashavu maji, akamsaidia kujitwika. Wakaondoka pamoja, watoto wakichuma huku na huku.

"Nyie wa mbele," Mize akaita, "punguzeni mwendo."

Ka-tii, ka-tii, ka-tii, wakaenda zao. Nami hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye kuitaka ajitwike.